Safari Hii Antena Haishuki

Kindu, Ijumaa jioni. Mvua imekwisha, bati bado linadondosha matone ya mwisho, na suruali yangu ina tope mpaka magotini. Nimechoka, nimelowa, nina hasira na nina furaha. Sijui ipi ilitangulia.

Leo usitegemee mwandiko mzuri, shajara. Nitaandika tu.

Wiki nzima nimezunguka na sauti ya mtu mmoja kichwani. Ni bwana wa ofisi ya mbali, ng'ambo ya bahari, ambaye sijawahi kumwona isipokuwa kwenye kioo cha kompyuta. Ana adabu nyingi. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba Kindu ni mahali pagumu, na kwamba hatashangaa tukishindwa. Hatashangaa! Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Nieleze, kwa maana siku moja nitasoma haya na nitakuwa nimesahau. Kazi yangu ni kufunga mitandao isiyo na waya kwa watu wanaofanya kazi za mbali wakiwa hapa hapa mjini. Mhasibu anayehudumia kampuni ya Kinshasa bila kupanda ndege. Mfasiri wa Alunguli ambaye hataki tena kuvuka mto kila asubuhi na kompyuta kifuani. Na hawa wa Mikelenge, Feza na wenzake wanne, wanaosikiliza sauti zilizorekodiwa kwa Kiswahili na Kifaransa na kuziandika neno kwa neno kwa ajili ya ofisi ya bwana huyo mwenye adabu.

Wanafanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Salima. Mama Salima ni mjane, mwenye nyumba, mtu wa sala zake na kuku wake. Aliwapangisha chumba kwa sababu Feza ni mjukuu wa rafiki yake. Mimi niliichagua nyumba hiyo kwa sababu nyingine: imekaa mahali palipoinuka, na ukisimama juu ya bati la jiko lake la nyuma unauona mnara wa mtandao kule Kasuku bila kizuizi. Redio zetu zinapenda kuonana uso kwa uso. Tena jikoni kulikuwa na bomba la chuma lililochimbiwa kwenye saruji ya ukuta, limekatwa juu, tupu. Nilichomeka mlingoti wangu humo, ukakaa kama uliumbiwa pale. Nikafunga antena, sahani nyeupe kama beseni la kuogeshea mtoto, nikaielekeza Kasuku, nikashuka nikijisifu.

Nilijua kwamba zamani nyumba hiyo ilikuwa na foni. Nitarudi kwenye hilo.

Mtandao ulifanya kazi vizuri. Ndani niliwatengenezea njia mbili, moja ya kazi na nyingine ya simu za wageni, ili binamu wa mtu asije akapakua sinema na kuwanyima wenzake hewa. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka mvua zilipoanza.

Mvua ikinyesha, mtandao unakufa. Sawa, mvua kubwa inaweza kusumbua. Lakini mvua inakwisha, jua linatoka, vifaranga wa Mama Salima wanarudi uani, na mtandao bado umekufa. Feza ananipigia. Napanda pikipiki yangu, ambayo Kindu nzima inaijua kwa sababu bomba lake la moshi limepasuka na linanguruma kuliko lori. Naingia getini, navua kofia, na Feza anatoka mlangoni na tabasamu la aibu.

"Yaya, imerudi. Ukifika tu inaamuka. Rezo inakuogopa."

Yaya, dada mkubwa, ni mimi; rezo ni mtandao. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nilitaka kulia. Fundi hana adui mbaya kuliko ugonjwa unaojificha akimwona. Nilifanya kama nilivyojizoesha: kwanza umeme, halafu kebo, halafu hewa inayobeba mawimbi. Nilipima betri, zilikuwa nzima. Nilibadilisha kebo, ncha kwa ncha, nikavifunika viungo kwa mpira maji yasiingie. Nilibadilisha njia ya mawimbi nikidhani redio ya jirani inatusukuma. Nilipigia simu watu wa mnara. Kijana aliyepokea aliniambia Maniema ina mvua nyingi, kana kwamba mimi nimehamia jana.

Wanaume wawili watatu wa mtaani walikuja kutazama mwanamke juu ya bati. Mmoja alisema pengine antena inahitaji mkono wa kiume. Nilimwambia apande aulete. Hakupanda.

Kifaa chenyewe kilikuwa kinaniambia ukweli, na mimi sikukisikiliza. Kinahifadhi nguvu ya mawimbi ya siku nzima kama mstari kwenye karatasi. Mvua inapoanza mstari unateremka taratibu, unakaa chini, halafu ghafla, kwa mara moja, unaruka juu. Mvua haifanyi hivyo. Jua halikaushi kitu ghafla. Niliutazama mstari ule nikasema labda ni kifaa kuchoka, nikaendelea kulaumu mawingu.

Ndipo yule bwana alipotutangazia jaribio. Ijumaa, yaani leo, watu wetu wafanye kazi siku nzima ya ofisi, na mtandao usikatike. Ukikatika, kazi inakwenda kwa kikundi cha Kinshasa. Hakuna matusi, hakuna ugomvi, ni hivyo tu. Na watu watano wa Mikelenge wanarudi kukaa kwenye vibaraza vyao, na huyo bwana hashangai.

Nilikula kiapo kwamba atashangaa.

Jumatano mvua ilinyesha asubuhi na Feza akapiga simu. Pikipiki yangu ilikuwa kwa fundi, ikiwa imefunguliwa matumbo. Nikaenda kwa miguu, kwa njia za ndani, viatu mkononi. Niliingia uani kwa Mama Salima kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nikamkuta nyuma ya jiko. Ameshika ule mti mrefu wa kuangulia mapapai, mikono miwili juu, ulimi umebana kati ya meno. Na juu ya antena yangu palikuwa na kitambaa. Si kitambaa, ni vitenge viwili vya zamani vilivyoshonwa pamoja, rangi ya kutu kama bati lenyewe, vimelowa chapachapa, vinachuruzika maji. Alikuwa anaviweka sawa upepo usivichukue.

Nilisimama. Akaniona. Akaushusha mti polepole, kama mtu aliyekutwa katika sufuria ya jirani.

"Motó yako iko wapi?" akaniuliza, yaani pikipiki.

Nilielewa yote kwa swali hilo moja. Kitambaa kikiwa kikavu mawimbi yanapita, yanapungua kidogo tu. Kikilowa, ni ukuta. Na kila niliponguruma kutoka njia kuu, Mama Salima alikuwa na muda wa kutosha kuchukua mti wake na kukitoa, ili fundi asione, asijisikie vibaya. Rezo haikuwa inaniogopa mimi. Mama Salima alikuwa ananionea haya.

Niliwaka. Sitajipamba hapa. Niliingia chumba cha mbele nikawauliza wale watano kama hawana macho. Feza alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ile kitambaa? Siye tulizani njo weye uliweka, juu ya mvua!"

Walikiona. Walikiona kila siku wakienda kunawa mikono, na wakasema fundi ametufunikia antena isilowe, fundi wetu ni mwangalifu. Nilikaa chini kwenye ndoo nikacheka mpaka machozi yakatoka. Lakini hasira ilikuwa bado ipo, nikarudi jikoni nayo.

Mama Salima alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa amekiweka mapajani, kinamlowesha.

"Usikasirike, mutoto wangu," alisema. "Nilikuwa nafunika tu. Inaangaza sana. Jua ikitoka, inaonekana mpaka kule barabarani."

Nikamwambia kwamba ni kazi, mama, ni ya halali, nina karatasi za mtaa na za mnara, hakuna anayeweza kutufanya kitu.

"Muzee pia alikuwa na makaratasi."

Muzee ni marehemu mumewe.

Sasa nirudi kwenye foni. Wewe usiyekuwa Kindu miaka ya vita hujui foni ni nini. Ni redio ya kuongelea, mtu mmoja anasema, anaachia kitufe, mwingine anajibu. Barabara zilikuwa zimefungwa, treni imelala, simu hatukuwa nazo. Ukitaka kumsikia ndugu aliyeko mbali, unakwenda kwa mwenye foni, unakaa kwenye foleni, na ikifika zamu yako unapiga kelele zako mbele ya watu wote. Hapakuwa na siri. Tulijua nani amezaa Kisangani, nani ameachwa Bukavu, mchele wa nani umekwama Kibombo. Na mtu akipewa habari ya msiba, foleni nzima ilisimama, na waliokuwa nyuma yake walimsindikiza nyumbani kwanza. Wakirudi, kila mmoja alirudi mahali pake na hakuna aliyegombana.

Mimi nilikuwa mdogo, nilikaa katika foleni hiyo na mama yangu, nimeshika kitenge chake. Tulikwenda kusikia sauti ya kaka yangu mkubwa aliyekuwa Kisangani. Nakumbuka waya uliotoka bombani pale jikoni ukavuka ua mpaka kwenye mti wa upande wa pili. Nakumbuka mzee mwenye vidole virefu akisema "à vous, à vous", yaani zamu yako sasa, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ale. Huyo alikuwa mume wa Mama Salima.

Halafu siku moja tulikwenda, na waya haukuwepo. Mama aliniambia tu foni imefungwa. Mtoto haulizi zaidi.

Tangu hapo hatukusikia tena habari ya kaka. Miezi ikawa mingi, akaja mtu na maneno ya mtu mwingine, kwamba amekufa. Tukakaa matanga. Tulilia, tukanyoa, tukagawa nguo zake. Vita vilipotulia akashuka kutoka mtumbwi uliokuja toka upande wa Lokandu, mzima, mnene kuliko tulivyomwacha, akakuta mjomba amevaa shati lake. Mpaka leo wakigombana anamdai shati. Tunacheka kila mara. Mama yangu ndiye hachekagi.

Ndiyo maana nafanya kazi hii. Watu hudhani nilipenda mashine. Nilichukia kimya.

Mama Salima alinisimulia juzi yale ambayo foleni yetu haikuambiwa. Alisimulia akiwa anakikamua kitambaa, kidogo kidogo, maji yakianguka kati ya miguu yake.

"Balikuja asubuhi na bunduki. Bakatazama juu. Bakauliza: antena hii iko ya nani? Muzee akasema: iko yangu. Hakukana. Akavaa viatu, akaniambia uji isipoe, akaenda nabo."

Akakamua tena.

"Mimi njo niliishusha. Si bao. Nilipanda mimi mwenyewe na kisu, nikakata waya yote. Nikazani, bakipita bakiona imeshuka, batamurudisha."

Hawakumrudisha.

Nilitazama lile bomba la chuma. Nilikuwa nimesimamisha mlingoti wangu katika tundu lile lile. Nilijisifu kwamba umekaa kama uliumbiwa pale! Na mama huyu alisimama mlangoni kwake akiutazama unapanda, akanikaribisha chai, akanishukuru, kisha akaenda kushona vitenge viwili.

Usiku wa Jumatano sikulala vizuri. Nimezoea kubishana. Nimebishana na watu wa ushuru, na wanaume wa chini ya bati, na kijana wa mnara. Kwa hayo nina mdomo. Lakini nilijiuliza, ubishi wangu nimwekee nani kifuani safari hii? Nimwambie mjane kwamba vita vimekwisha? Mimi mwenyewe nikisikia gari kubwa likisimama nje ya nyumba yangu huacha kutafuna.

Kwa hiyo Jumatano ilipokucha kuwa Alhamisi, nilichukua spana zangu na kwenda kwake. Nilikuwa nimeamua. Nitaishusha. Jaribio tutalikosa, kwa maana siku moja haitoshi kutafuta nyumba nyingine yenye mwinuko, kusimamisha mlingoti na kuielekeza antena upya. Feza nilishamwambia. Alilia kidogo, akajifuta, akasema, "Basi, yaya. Ni nyumba yake."

Nikapanda. Bati lilikuwa tayari la moto. Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza.

"Unafanya nini?" Mama Salima alikuwa ametoka na bakuli la wali mkononi.

"Naishusha, mama. Tutatafuta nafasi ingine. Sitaki ukae na woga juu ya kazi yangu."

Aliliweka bakuli chini, na kuku wakalirukia, na hakuwafukuza. Mimi niliendelea kusubiri na spana yangu, kama mjinga, nusu nimekaa nusu nimesimama.

"Ile ya kwanza niliishusha," akasema. "Ilinipa nini?"

Nikaitazama nati yangu.

"Unanisikia? Niliishusha na mikono hii. Ilinipa nini? Batu wakaacha kuja. Uani ikakuwa kimya. Na yeye hakurudi." Sauti yake ilikuwa imepanda, mpaka vichwa vya akina Feza vikatokeza dirishani. "Shuka weye. Acha ile kintu pale. Mwaka huu mimi nimechoka kushusha."

Nilishuka. Akaniambia nile kwanza, wali uliobaki baada ya kuku.

Basi tukafika leo.

Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito, na mimi nikayaambia, haya, njooni. Niliikagua kazi yangu yote tena: umeme, kebo, hewa. Nilizima njia ya wageni. Feza na wenzake waliingia na vitambaa safi vya kichwa na mashati ya pasi kana kwamba bwana wa ofisi atawanusa. Mama Salima alitoa kigoda chake jikoni akakiweka mbele ya nyumba, chini ya ukingo wa bati, akiielekea barabara. Alikuwa amevaa vile vitenge viwili. Alikuwa ameshonoa uzi, kimoja amejifunga kiunoni, kingine begani. Sikumuuliza. Nilikaa karibu naye na simu yangu, nikitazama mstari wa mawimbi.

Mvua ilikuja kabla ya adhuhuri. Ile ya kwetu, isiyokuomba ruhusa, inayokunyima hata kusikia unachokisema. Mstari ukateremka kidogo. Ukasimama hapo hapo, ukatulia. Ndani nilisikia vidole vikigonga kibodi bila kupunguza mwendo.

Ukasimama, shajara! Mvua haina kosa. Mvua haikuwahi kuwa na kosa.

Nilikuwa karibu kuinuka nicheze pale mtu alipotokea getini. Mwanamume mrefu, koti la mvua la kijani lenye kofia inayofunika uso, buti nzito. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya ua, akainua kichwa akatazama juu ya jiko, akaashiria kwa kidole na kupaza sauti kuishinda mvua:

"Antena hii iko ya nani?"

Yale yale. Neno kwa neno.

Nilikuwa na karatasi zangu ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya blauzi, na mkono wangu ulikataa kwenda kuzichukua. Mdomo wangu wote, ule ninaojivunia, ulikuwa mkavu. Ndani vidole viliacha kugonga.

Mama Salima aliinuka. Alitoka chini ya ukingo, akaingia mvuani, kitenge kikashikana na bega lake. Alisimama mbele ya mtu yule, na kichwa chake kilimfikia kifuani.

"Iko yangu," alisema. "Mimi njo mwenye. Na haishuke. Kama uko na neno, useme na mimi."

Mtu yule akarudi hatua nyuma. Akavua kofia ya koti. Alikuwa ni mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini aliyehamia nyumba ya nyuma juzi juzi na kufungua duka la misumari na rangi. Uso wake ulikuwa umejaa fadhaa.

"Mama, samahani. Nilitaka tu kusema, kamba yake ya nyuma imekatika. Nimeiona kwa dirisha yangu. Upepo ikizidi, itaanguka juu ya bati yangu."

Nilicheka baadaye. Wakati ule nilikimbia. Kweli, waya wa kuuzuia mlingoti upande wa nyuma ulikuwa umekatika na mlingoti unayumba kama mlevi. Nilipanda kwenye bati linaloteleza, nikaushika mlingoti kwa mikono miwili na kuukumbatia, wakati jirani akikimbilia dukani kuleta waya mpya. Alirudi, akanirushia, akashikilia ngazi. Nilikaza huku maji yakiniingia shingoni na kutokea miguuni. Antena ilitikisika, na kila ilipotikisika niliisemesha. Sitaandika maneno yote niliyoiambia.

Chini, Feza alikuwa dirishani akinipigia kelele, "Iko! Bado iko! Iko!" Na katikati ya kelele hizo, kutoka uani, nikasikia sauti ya Mama Salima ikimjibu, nyembamba, yenye mahadhi ya mtu anayembembeleza mtoto ale:

"À vous! À vous!"

Sijui kama alijua kwamba alikuwa anasema hivyo. Niliweka paji langu la uso kwenye mlingoti nikalia, na mvua ikanifichia.

Siku ya ofisi ilimalizika bila kukatika. Bwana wa mbali alitokea kwenye kioo, akasema wataanza kazi kamili Jumatatu. Akasema, kwa adabu ile ile, kwamba ameshangaa. Feza alimwambia asante. Mimi nilikuwa pembeni, nalowesha sakafu, na kwa mara moja maishani nikaacha jibu langu lilale kinywani.

Baadaye nilimwambia Mama Salima kwamba sitamdanganya. Siwezi kumwahidi kwamba hakuna atakayekuja tena kuuliza. Mji wetu naujua. Ninachoweza ni kusimama naye. Na kama inamsaidia, niliongeza, ninaweza kuipaka sahani ile rangi ya kutu, ifanane na bati, isionekane kutoka barabarani. Rangi haizuii mawimbi kama haina chuma ndani yake. Jirani anazo dukani.

Alikuwa anaanika vile vitenge kwenye kamba ya nguo, chini, uani, mahali vinapopaswa kuwa. Akanyoosha cha pili.

"Rangi iko mingi pale kwake?"

"Ziko, mama."

"Basi upake njano. Batu wa Alunguli baione, mpaka ngambo ya muto."

Kwa hiyo ndivyo. Duka la jirani linafunguliwa mapema. Kesho sina mtandao wa kutengeneza, nina kopo la kununua, na nitapanda mchana kweupe, pikipiki yangu iliyopona ikiwa imeegeshwa mbele ya geti.